Kindu: Bamba la saketi laweza kutengenezwa nyumbani, lakini maji yake yasimwagwe Lualaba

Bamba dogo lenye upana wa kiganja likiungua, nyumba nzima hurudi gizani, hata kama paneli ya jua iko juu ya bati na batri bado ni nzima. Jambo hilo linajulikana vizuri Kindu, mji mkuu wa jimbo la Maniema, ambako familia, maduka na vituo vya afya hutegemea jua ili kupata mwanga. Kinachoungua mara nyingi ni kidhibiti cha chaji, kile wauzaji wa paneli wanachokiita régulateur. Ndani yake kuna bamba la saketi, ambalo mafundi wengi huliita kwa Kifaransa carte: kipande kigumu chenye njia nyembamba za shaba, na vipuri vilivyolehemiwa juu yake.

Jibu la kawaida ni kutupa na kununua kingine, mtu akiwa na franka. Lakini bamba kama hilo linaweza kutengenezwa nyumbani kwa pasi ya nguo, karatasi laini, mwanga wa jua na dawa chache. Mafundi na wanafunzi wa nchi mbalimbali wamejaribu njia hizo kwa miaka mingi. Baadhi zinaweza kufanyika Kindu bila shida kubwa. Nyingine bado ni za majaribio na zinadai mashine. Karibu zote zina sharti moja: anayezitumia ajue mapema atapeleka wapi maji machafu yenye shaba.

Jiwe linatoka, bamba linarudi

Kwa wakaaji wa Maniema, habari ya bamba la saketi si habari ya mbali. Kasiterite inayochimbwa Kalima, Punia na Kailo ndiyo jiwe linalotoa bati. Jimbo hili limeishi na jiwe hilo tangu enzi za ukoloni, wakati wa kampuni ya Symétain, kisha Sominki iliyoundwa mwaka 1976, na baadaye Sakima. Duniani leo, karibu nusu ya bati yote inayotumika huishia kwenye lehemu, yaani ule waya laini unaoyeyushwa ili kushikanisha vipuri na bamba. Kifaransa chenyewe kinasema wazi: waya huo na madini hayo vina jina moja, étain.

Shaba iliyo juu ya bamba nayo inachimbwa kwa wingi Katanga, na Kongo ni kati ya nchi zinazoongoza duniani kwa shaba. Koltani hutoa tantali, inayotengenezewa kapasita ndogo za simu na kompyuta. Kwa hiyo madini mengi ya bamba moja yanaweza kuwa yametoka katika nchi hii, yakasafirishwa yakiwa mawe au unga, yakayeyushwa ng'ambo, kisha yakarudi Kindu ndani ya redio, simu na kidhibiti cha chaji.

Hii haimaanishi kwamba fundi wa Kindu ayeyushe kasiterite nyuma ya nyumba. Kazi hiyo inahitaji moto mkali sana, na mawe hayo yanaweza kuwa na arseniki na madini mengine yenye hatari. Lakini kati ya kuchimba jiwe na kununua kifaa kilichokamilika, kuna hatua moja ambayo haihitaji kiwanda: kuchora njia za shaba na kulehemu vipuri.

Kazi iliyoanzia katika chumba cha kupanga

Watu wengi hudhani bamba la saketi lilizaliwa katika kiwanda kikubwa. Historia inasema vingine. Paul Eisler, mhandisi aliyezaliwa Vienna, Austria, mwaka 1907, alihamia Uingereza katika miaka ya 1930. Alikuwa amewahi kufanya kazi katika uchapishaji, na akajiuliza kwa nini nyaya za redio zisichapishwe kama maandishi ya gazeti. Mwaka 1936, akiishi katika chumba cha kupanga mtaa wa Hampstead, London, alitengeneza redio ambayo nyaya zake zilikuwa njia za shaba zilizobandikwa juu ya ubao.

Aliipeleka kwa kampuni moja ya huko, ikakataa. Maelezo yalikuwa kwamba wasichana waliounganisha nyaya kwa mkono walikuwa na gharama ndogo. Ni vita kuu ya pili iliyobadilisha hesabu hiyo, kwa sababu jeshi lilihitaji vifaa vidogo, vingi na vinavyofanana. Mwaka 1948 serikali ya Marekani iliruhusu ufundi huo utumike katika biashara, na redio na televisheni zikaanza kubadilika.

Funika, kisha kula

Njia karibu zote za nyumbani zina kanuni moja. Fundi huanza na bamba tupu lililofunikwa shaba upande mmoja au pande mbili. Tabaka hilo la shaba kwa kawaida lina unene wa mikromita 35, chini ya unywele wa watu wengi. Fundi hufunika sehemu anazotaka zibaki, kisha hutia bamba katika dawa inayokula shaba iliyoachwa wazi. Akiondoa kifuniko, njia zake zimebaki.

Kinachotofautiana ni namna ya kufunika na aina ya dawa. Bamba tupu lenyewe si bidhaa ya kila duka, na mara nyingi huagizwa kutoka miji mikubwa au nje ya nchi. Lakini ni jepesi, halina nafasi kubwa, na likifungwa vizuri lisipate unyevu hukaa miaka. Mabamba ya mwaka mzima ya fundi mmoja yanaweza kuingia katika mfuko wa msafiri.

Kalamu kwanza, halafu pasi

Njia rahisi kuliko zote ni kalamu ya wino usiofutika kwa maji, au rangi ya kucha. Fundi huchora njia moja kwa moja juu ya shaba, akipita mara mbili au tatu mpaka wino uwe mzito. Saketi ya vipuri kumi au kumi na tano inawezekana kabisa. Kinachosaidia ni karatasi ya miraba yenye nafasi za milimita 2.54, kwa sababu miguu ya vipuri vingi hupangwa kwa kipimo hicho. Hapo hakuna kompyuta wala umeme.

Saketi ikiwa kubwa, mkono hautoshi. Hapo ndipo njia ya pasi inapoingia. Printa ya leza na mashine nyingi za fotokopi hazitumii wino wa maji. Hutumia unga unaoitwa tona, ambao ndani yake kuna plastiki. Plastiki hiyo ikipata moto huyeyuka na kushika. Kwa hiyo mchoro ukichapwa kwa tona juu ya karatasi laini, kama ile ya majarida ya rangi, kisha ukawekwa juu ya shaba na kupigwa pasi, tona huhama kutoka karatasini na kushika shaba.

Kindu ina vibanda vya sekretariati publiki vinavyochapa na kupiga fotokopi, na huko ndiko fundi asiye na printa anaweza kwenda. Anapaswa kuuliza jambo moja tu: je, mashine hii ni ya tona au ya wino? Ya wino haifai. Mchoro pia lazima uchapwe umegeuzwa, kama unavyoonekana kwenye kioo, kwa sababu pasi itaugeuza tena.

Kabla ya pasi, shaba husuguliwa kwa sufu ya chuma au karatasi ya msasa laini, kisha huoshwa kwa sabuni. Baada ya hapo kidole kisiiguse, kwa kuwa mafuta ya ngozi huzuia tona kushika. Pasi huwekwa kwenye moto mkali bila mvuke, na hukandamizwa kwa dakika 3 hadi 5, hasa pembeni. Kisha bamba hulowekwa katika maji ya vuguvugu yenye sabuni, na karatasi husuguliwa polepole kwa kidole gumba mpaka itoke yote.

Pasi ya umeme hula nguvu nyingi, mara nyingi wati 1,000 au zaidi, na paneli ndogo haiwezi kuibeba. Pasi ya makaa, ambayo bado iko katika nyumba nyingi, inafanya kazi ileile. Shida yake ni joto lisilo sawa na majivu yanayoanguka. Kipande cha kitambaa safi cha pamba kati ya pasi na karatasi hupunguza shida hiyo, na fundi hufanya jaribio kwenye kipande kidogo kabla ya kuharibu bamba zima. Njia ikikatika mahali, kalamu huiziba.

Kwa mazoea, njia hii hutoa mistari ya milimita 0.3 bila shida kubwa. Hiyo inatosha kwa kidhibiti cha chaji, kikuza sauti au taa ya dharura. Haitoshi kwa bamba la simu.

Jua kama mashine ya kuchapa

Anayetaka mistari myembamba zaidi hutumia mwanga. Kuna filamu ya rangi ya buluu inayobandikwa juu ya shaba kwa joto. Sehemu inayopigwa na miale ya urujuanimno hugeuka ngumu. Sehemu iliyofichwa hubaki laini na kuoshwa kwa maji yenye magadi kidogo sana, karibu gramu 10 za kaboneti ya sodiamu kwa lita moja.

Viwanda hutumia taa maalum. Kindu, iliyoko digrii karibu 3 kusini mwa ikweta, ina jua ambalo miale yake inafanya kazi hiyo bure. Mchoro huchapwa juu ya plastiki angavu, huwekwa juu ya filamu, kioo huwekwa juu yake ili vishikane, na vyote hutolewa nje. Mtu asiye na plastiki angavu anaweza kupaka karatasi ya kawaida mafuta meupe ya kupikia ili mwanga upite. Mafuta ya mawese hayafai, kwa sababu rangi yake nyekundu huzuia sehemu ya mwanga unaohitajika.

Ugumu uko kwenye muda. Jua la saa sita mchana si jua la saa tisa, na wingu moja hubadilisha kila kitu. Kwa hiyo fundi mwangalifu hufanya ngazi ya majaribio: kipande kimoja cha bamba hufunuliwa hatua kwa hatua, sehemu ya kwanza nusu dakika, ya pili dakika moja, ya tatu mbili, ya nne dakika nne. Akiosha, anaona sehemu ipi imetoka safi, na anaandika saa na hali ya anga katika daftari. Baada ya majaribio machache daftari hilo lina thamani kuliko kitabu cha kigeni, kwa sababu linaongea juu ya jua la hapo.

Filamu hiyo ina adui mmoja Kindu: joto. Ikikaa muda mrefu mahali pa moto huharibika, na ikiachwa kwenye mwanga wa mchana kabla ya wakati huwa haifai tena. Hukatwa na kubandikwa katika chumba chenye mwanga hafifu wa njano.

Dawa inayokula shaba

Dawa inayojulikana zaidi ni kloridi ya chuma, ile vitabu vya Kifaransa vinayoiita perchlorure de fer. Inauzwa kama unga, vipande au maji ya kahawia. Hufanya kazi vizuri ikiwa na joto la digrii 40 hadi 50, kwa hiyo chombo chake cha plastiki huwekwa ndani ya beseni la maji ya moto. Bamba hutikiswa taratibu, na kazi huisha kwa kawaida katika dakika 10 hadi 20. Doa lake halitoki kwenye nguo, na hula sufuria, bomba na kijiko cha chuma.

Dawa nyingine ni mchanganyiko wa asidi ya kloridriki, ambayo huuzwa kwa kusafisha vyoo na vigae, na maji ya oksijeni ya farmasi. Ni ya haraka, lakini mvuke wake huumiza mapafu na hutia kutu kila chombo cha chuma kilichoko karibu. Hufanywa nje tu, kwa glavu na miwani. Asidi ndiyo humwagwa ndani ya maji, si maji ndani ya asidi. Jambo moja lizuri ni kwamba mchanganyiko huo, baada ya kula shaba, hugeuka kijani na kuwa dawa mpya ambayo huhuishwa kwa kupulizia hewa. Kwa hiyo hutumika miezi mingi bila kumwagwa.

Kuna njia ya upole zaidi: siki, chumvi na maji ya oksijeni ya farmasi yenye nguvu ya asilimia 3. Hiyo ni ya polepole sana, inaweza kuchukua saa nzima au zaidi, na inahitaji kuongezwa maji ya oksijeni njiani. Upole wake usidanganye: mara shaba ikiingia ndani, kioevu kile cha buluu au kijani ni sumu, hata kama kilianza na siki ya jikoni.

Njia ya nne ni umeme wenyewe. Bamba huunganishwa na ncha chanya ya batri, kipande cha chuma na ncha hasi, vyote ndani ya maji ya chumvi. Shaba huondoka kidogo kidogo. Kasoro yake inajulikana: sehemu ya shaba ikishakatika kutoka kwenye waya haipati tena umeme, hivyo visiwa vidogo hubaki na lazima vikwanguliwe kwa kisu.

Kuna michanganyiko ambayo haifai kujaribiwa kabisa. Javel ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini, inayoweza kuua katika chumba kilichofungwa. Asidi ya batri ya gari ikichanganywa na maji ya oksijeni yenye nguvu huchemka ghafla na kuunguza. Na dawa yoyote yenye maji ya oksijeni isifungwe kabisa ndani ya chupa, kwa sababu gesi hujaa na chupa hupasuka. Chupa ya kinywaji isitumike kamwe kuhifadhi dawa hizi mahali watoto wanapofika.

Majaribio yanayoendelea

Mbali na njia hizo za zamani, mafundi wanaojifunza wenyewe wanaendelea kutafuta nyingine. Baadhi wamefungua printa za Epson ili bamba lipite ndani kama karatasi, na wino mzito uchapwe moja kwa moja juu ya shaba kisha ukaushwe kwa joto. Printa hizo zimechaguliwa kwa sababu vichwa vyake husukuma wino bila kuuchemsha.

Wengine hutumia kioo cha mashine ndogo za kuchapa vitu kwa utomvu, ambacho hutoa picha kwa mwanga wa nanomita 405. Bamba lenye filamu huwekwa juu ya kioo, picha huwashwa kwa muda mfupi, na hakuna haja ya karatasi wala jua. Kuna pia wanaopaka bamba rangi nyeusi na kuiunguza kwa leza ndogo inayoongozwa na kompyuta, kisha dawa hula palipofunuliwa. Wengine huacha dawa kabisa: mashine yenye ncha kali huchonga mpaka kuzunguka kila njia. Hiyo haitoi maji machafu, lakini hutoa vumbi la nyuzi za kioo, ambalo halifai kuvutwa puani, na huhitaji umeme usiokatika katikati ya kazi.

Mashine kama hizo zinaonekana mbali na Kindu, lakini mota na reli zake ndogo ziko ndani ya printa na skana zilizokufa. Mwaka 2013, Kodjo Afate Gnikou wa Lomé, Togo, alijulikana kwa kuunda mashine ya kuchapa vitu kutokana na takataka za kompyuta. Mwaka huohuo wakaaji wa Kinshasa walianza kuona maroboti ya kuongoza magari barabarani, yanayotumia nguvu za jua, yaliyoundwa na timu ya mhandisi Mkongo Thérèse Izay Kirongozi.

Hata hivyo, kwa mtu anayeanza, mashine siyo lazima. Kinachokosekana zaidi ni mazoea ya kuchora. Programu ya KiCad, iliyoanzishwa mwaka 1992 na Mfaransa Jean-Pierre Charras, hutolewa bure, ina lugha ya Kifaransa, na ikishawekwa kwenye kompyuta haihitaji intaneti. Kompyuta moja ya zamani inaweza kuhudumia mafundi kadhaa.

Maji yasimwagwe mtoni

Hapa ndipo jambo linapogusa hata wasiojali habari za saketi. Lualaba inapita katikati ya Kindu. Watu huvuka kwa mtumbwi kwenda komini ya Alunguli, huoga, hufua, huvua samaki. Shaba iliyoyeyuka katika maji ni sumu kwa samaki na konokono hata ikiwa kidogo. Kuna nchi ambako chumvi ya shaba ilitumika makusudi kuua konokono wanaobeba bilharzia. Fundi mmoja akimwaga lita moja, mto mkubwa hautaonekana kubadilika. Lakini mfereji wa mtaa, kisima na bwawa la samaki si mto mkubwa.

Njia ya kusafisha si ngumu. Dawa iliyochoka huwekwa katika ndoo ya plastiki, mahali pa wazi penye hewa, na misumari ya zamani au sufu ya chuma hutiwa ndani. Chuma huchukua nafasi ya shaba, na shaba hushuka chini kama tope jekundu. Baada ya siku moja au mbili, magadi au chokaa huongezwa kidogo kidogo, kwa sababu povu hupanda haraka. Povu likikoma na asidi ikiisha, mabaki hushuka. Tope hukaushwa, huchanganywa na saruji kuwa kipande kigumu, na huwekwa mbali na shamba. Maji yaliyobaki juu hayarudi mtoni wala karibu na kisima.

Na dawa bora ni ile isiyomwagwa. Mafundi watatu au wanne wakitumia chombo kimoja cha dawa, mahali pamoja pa wazi, taka hupungua na anayesimamia hujulikana.

Kuna pia risasi. Lehemu ya kawaida ina sehemu 60 za bati na 40 za risasi, kwa sababu huyeyuka mapema, kuanzia digrii 183. Isiyo na risasi huyeyuka karibu digrii 217 na zaidi. Hatari ya risasi hupita zaidi mkononi kwenda mdomoni kuliko moshini. Kwa hiyo fundi hunawa kwa sabuni kabla ya kula, na meza ya kulehemu isiwe meza ya chakula cha watoto. Moshi wenyewe, unaotoka kwenye kolofoni, huwasha mapafu, na dirisha lifunguliwe.

Bamba la kwanza liwe lipi?

Kwa Kindu, bamba lenye maana kubwa ni lile la kulinda batri ya taa. Batri ya risasi ya volti 12 huharibika ikijazwa kupita kiasi au ikinyonywa hadi mwisho. Saketi ndogo inaweza kukata chaji batri inapofika karibu volti 14.4, na kuzima taa inaposhuka karibu volti 11.5. Vipuri vyake si vya ajabu: chipu ya kulinganisha volti kama LM393 au LM358, kipimo cha TL431, transista, rezista kadhaa na relei. Vingi hupatikana kwenye mabamba yaliyokufa ya televisheni, printa na vifaa vya kuhifadhi umeme wa kompyuta.

Hesabu moja isisahaulike. Njia ya shaba yenye upana wa milimita 1 hubeba takriban ampea 2 bila kupata joto sana. Paneli inayotoa ampea 8 inahitaji njia pana zaidi, au waya wa shaba ulehemiwe juu ya njia nzima. Fyuzi iwe karibu na ncha chanya ya batri. Bamba lipimwe kwa multimita, njia moja baada ya nyingine, kabla ya kuunganishwa. Batri za lithiamu zina kanuni zake na hazifai kwa saketi hiyo. Umeme wa volti 220 si kazi ya anayejifunza. Friji ya chanjo nayo isitegemee jaribio la kwanza la mtu yeyote. Taa ya nyumbani kwake kwanza, kwa miezi kadhaa, halafu ya jirani.

Unyevu wa Kindu huifanya shaba kuwa nyeusi na kuota kijani. Kolofoni iliyoyeyushwa katika alkoli, ikipakwa baada ya kazi, huilinda. Njia zinaweza pia kupakwa bati kwa chuma cha kulehemu.

Wapo watakaosema kwamba taabu hii haina faida, na wana hoja. Viwanda vya Shenzhen, China, hutangaza mabamba 5 ya sentimita 10 kwa 10 kwa dola 2 tu, yakiwa na matundu safi na pande mbili, kitu ambacho nyumbani ni kazi ya kushona waya mmoja mmoja katika kila tundu. Kwa mtu anayehitaji mabamba mia moja, kuagiza ni bora. Lakini dola 2 ni bei ya mlangoni pa kiwanda. Kifurushi lazima kiingie Kongo, kipite forodha, kisha kitafute ndege, treni au pikipiki hadi Kindu. Anayehitaji bamba moja, wiki hii, ili taa iwake, hesabu yake ni nyingine.

Faida kubwa iko kwa vijana. Mwanafunzi wa umeme au elektroniki anaweza kumaliza humanités akiwa amechora saketi nyingi kwenye daftari bila kushika hata moja iliyotoka mikononi mwake. Bamba moja la kalamu, siki na chumvi, likifanywa chini ya macho ya mwalimu, humfundisha kemia, hesabu, umeme na usafi wa maji kwa siku moja. Na fundi anayejua kutengeneza bamba hashindwi tena kwa sababu kipuri fulani hakiuzwi: anaweza kuchora saketi nyingine inayotumia kile alicho nacho.

Kasiterite itaendelea kuondoka Kalima na Punia, na mabamba yataendelea kuja kutoka mbali. Kitakachopimwa Kindu ni kidogo zaidi: ni vidhibiti vingapi vilivyoungua vitarudi kazini badala ya kutupwa, na ndoo ngapi za maji ya shaba zitasafishwa badala ya kumwagwa mferejini.